Kahawa Iliyolala Chumbani kwa Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na imekukuta umekaa. Kama unaisoma umesimama mlangoni, kama kawaida yako, mkono mmoja umeshika ndoo, nakuomba uiweke ndoo chini, uvae miwani ya baba na ukae. Goti linaendeleaje? Usinijibu kwamba halijambo. Mara ya mwisho uliniambia halijambo, na kesho yake shangazi akanipigia simu kusema unashuka ngazi za jikoni kinyumenyume.

Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka. Ni ule uchovu ambao usingizi hauumalizi. Naamka nao, naenda nao kazini, jioni tunarudi wote. Chumba changu ni kilekile, juu ya duka la vioo, na dirisha linatazama paa la kiwanda. Msimu ukipamba moto mashine hazizimwi, na vumbi la maganda ya kahawa linaingia hata nikifunga dirisha. Nalikung'uta kitandani, nalikuta kwenye kikombe cha mswaki. Jirani yangu hunitania kwamba siku nikianikwa kambani nikapigwa fimbo kama zulia, litapatikana gunia zima.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu huniachi nimalize, Mama. Nikianza jambo zito unaniuliza nimekula nini, nami nikishakujibu, jambo lenyewe linakuwa limenitoroka. Hapa nitasema mpaka mwisho.

Nianze na kazi. Siku hizi wameniongezea mzigo juu ya ule wa kuonja kahawa. Wageni wakija kiwandani, mimi ndiye ninayewatembeza, eti kwa kuwa nina mdomo. Nawapitisha kwenye ukumbi wa mashine, nawaonyesha kahawa inavyoingia na ganda lake, kama ilivyotoka kwa mkulima, inavyokobolewa, inavyopita kwenye nyungo za chuma zinazotikisika ili punje kubwa zitengane na ndogo, kisha inavyodondoka mbele ya ile mashine mpya yenye macho. Punje yenye doa ikipita, mashine inaipulizia pumzi kidogo tu, inaangukia pembeni. Kabla ya mashine hiyo palikuwa na kinamama waliokaa kwenye mkanda wakichambua kwa vidole kutwa nzima, wakiimba na kusengenya mabosi. Sasa wamebaki wachache, wa kuchambua kile ambacho mashine imekosea. Wageni huipiga picha mashine. Mimi hutazama vile viti vilivyobaki vitupu, kisha nawaambia tuendelee.

Halafu wanataka hadithi. Kila mgeni anataka hadithi, na mimi nimeirudia mpaka naweza kuisema huku nawaza nguo zangu kambani. Nawaambia habari za mchunga mbuzi wa Uhabeshi, ambaye inasimuliwa kwamba mbuzi wake walikula matunda mekundu ya kichaka wakarukaruka hadi jioni. Nawaambia mbuzi hao wanaweza kuwa wa kutungwa, lakini mti wenyewe kweli ulitoka kwenye misitu ya huko. Nawaambia jinsi kahawa ilivyovuka bahari hadi Yemeni, watu wa ibada wakainywa ili wasisinzie wanapokesha kumtaja Mungu, kisha ikashuka sokoni na kupata mabaraza yake, hadi watawala wengine wakaanza kuyaogopa mabaraza hayo, maana watu wakinywa kahawa wanaongea. Nawaambia wenye bandari walivyoilinda, inavyosemekana, kwamba mbegu haikuruhusiwa kutoka mpaka ipitishwe motoni isije ikaota kwa watu wengine.

Hapo ndipo wezi wanapoingia, na wageni wanaamka. Kuna hujaji anayesimuliwa kuwa alifunga mbegu chache tumboni, chini ya nguo, akazipeleka Bara Hindi. Waholanzi nao wakapata miche yao, wakaueneza mti visiwani kwao na kuulea hata kwenye nyumba ya vioo huko kwenye baridi. Kuna ofisa mmoja aliyevuka bahari kuu na mche, wanasema akigawana nao maji yake ya kunywa huku midomo yake mwenyewe imepasuka kwa kiu. Kisha nawaambia na lile lisilopendeza, kwamba mti huo ulipozaana ng'ambo, waliolimishwa mashamba yake kwa viboko walikuwa watumwa. Wanainamisha vichwa kidogo, halafu mmoja anauliza choo kiko wapi.

Nikimaliza hadithi hiyo lazima nimkumbuke baba. Unakumbuka alivyompenda yule hujaji? Kila alipofika kwenye mbegu za tumboni, alirukia habari zake mwenyewe: siku aliyotoka kwa mjomba wake na miche ya kwanza, mizizi imefungwa ndani ya shati lake lililoloweshwa maji, naye anatembea kifua wazi juani. Wewe ulikuwa kisimani. Ulisema ndiyo mara yako ya kwanza kumwona, na ulidhani ni kichaa anayebembeleza mtoto. Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alisema kahawa imeenea duniani kwa kukumbatiwa na watu, na mtu asiyetaka kuchafua shati asiilime.

Mimi kwa sababu ya kazi yangu huwa nawaza jambo jingine, la kipuuzi kidogo. Nawaza mbegu za yule hujaji zilinuka nini zilipofunguliwa. Lazima zilinuka jasho lake. Kahawa kavu inavuta kila harufu iliyo karibu nayo. Ukiiweka karibu na sabuni itanuka sabuni, ukiiweka jikoni itanuka moshi, na harufu hiyo haitoki kwa kukoboa wala kwa kukaanga. Kila mwanzo wa msimu tunazunguka kwa wakulima, na mimi ndiye ninayesimama mbele yao na kuwaonya: kahawa ilale peke yake. Lishike hilo, Mama, maana nitalirudia.

Najua wewe huna haja na mahujaji wala mabaraza. Unachosubiri ni habari ya kahawa yetu. Nimekuwa nikizungukazunguka makusudi, na wewe umeshanijua.

Najua mlichokubaliana na kaka mbele ya shangazi: kahawa ya msimu huu ikiingia fungu la kwanza, lile linalounganishwa na kahawa bora ya majirani na kuuzwa kwa jina la kijiji, mibuni ya baba inabaki. Ikikataliwa, kaka analeta msumeno, apande miti ya mbao, na wewe hutasema neno. Najua pia kwamba ulikubali kwa sababu ulikuwa na hakika. Ulichuma punje moja moja, nyekundu tupu, na goti hilohilo. Uliianika, ukaigeuza, ukaifunika kila wingu lilipopita.

Nisingependa tumseme kaka vibaya. Sisi tunazungumza habari za mibuni, yeye ndiye anayeipalilia na kuipulizia dawa. Mvua zimekosa adabu. Zinakuja maua yakiwa tayari yamefunguka, zinayapukutisha, kisha zinasusa wakati matunda yanajaa. Aliniambia kwamba miti ya mbao haimwamshi mtu alfajiri, na kwamba kila anapopogoa anajiuliza anampogolea nani. Kisha akaniambia mimi naipenda mibuni ile kwa sababu naishi mbali nayo. Nilimkatia simu. Baadaye nilimpigia kumwomba radhi, maana hakusema uongo.

Sasa nikueleze meza yetu, kwa sababu sijawahi kukueleza vizuri. Tunaonja watatu, na wawili wakikubaliana ndilo linalopita. Kuna mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Kijiko kwa kuwa hutembea na kijiko chake mfukoni mwa shati hata akienda harusini. Kuna Mama Pacha, ambaye hana mzaha na kikombe. Na kuna mimi, ambaye hata huku wananiita Pua. Jina alilonipa baba limenifuata bila mimi kulileta. Vikombe havina majina ya wakulima, vina namba tu. Tunaimwagia kahawa maji ya moto, tunasubiri utando upande juu, kisha unauvunja kwa kijiko pua ikiwa juu ya mvuke. Baadaye unavuta kwa kelele ambayo ungenichapa kwa ajili yake nikiwa mdogo, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo. Hatumezi kamwe. Anayemeza, moyo unamwenda mbio kabla ya mchana na ulimi unakufa ganzi.

Na kuna sheria moja kubwa kuliko zote. Ukitambua kahawa ni ya nani, unaweka kijiko chini na kuondoka mezani. Huulizwi. Wanaobaki wanaamua, na wakitofautiana, neno la Bwana Kijiko ndilo la mwisho.

Wiki iliyopita asubuhi nilifika mezani nimechoka kabla sijaanza. Tulishaonja vikombe vingi, vyote vya kawaida, na mimi nilikuwa nasogea kama mtu anayeosha vyombo vya wengine. Nikainama juu ya kikombe kingine, nikavunja utando, na baba akanijia usoni. Ilikuwa dawa yake ya kuchua, Mama. Ile ya chupa ya kahawia, yenye kafuri na mnanaa, uliyomchua nayo mgongo kila jioni katika mwaka wake wa mwisho, mpaka godoro likanuka, pazia likanuka, hata redio ikawa inanuka. Nilishika ukingo wa meza. Macho yalinijaa, nikasingizia mvuke.

Dawa hiyo inauzwa kila duka, ningeweza kujidanganya. Lakini nilipoivuta kwa kijiko, nyuma ya dawa niliikuta kahawa yetu, na ule utamu wake wa ganda la chungwa unaochelewa kuja. Nimeujua utamu huo kabla sijajua kusoma. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu kwamba ghala linavuja, na kwamba kahawa umeihamishia mahali pakavu penye kufuli. Sikukuuliza ni wapi. Nawahubiria wakulima wa kila kijiji, na mama yangu mwenyewe sikumuuliza neno moja. Nyumbani kwetu chumba chenye kufuli ni kimoja, na tangu tumzike baba hujakifungua dirisha.

Sikulaumu hata kidogo. Ulikipa kitu unachokithamini mahali unapopathamini. Nadhani hata baba angefanya vilevile, kisha angejisifu.

Bwana Kijiko alivuta, akatafakari, akasema kuna harufu ya viungo hapa, ya kipekee kidogo, na wako wanunuzi wanaoipenda. Alitaka iingie fungu la kwanza. Mama Pacha alitema kwa nguvu, akasema viungo gani, hii ni dawa, kahawa imelala mahali pabaya, ikataliwe. Wakanigeukia mimi.

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika, Mama. Nilipaswa kuweka kijiko chini. Ningekiweka, neno la Bwana Kijiko lingebaki, kahawa yako ingepita, na mibuni ingekuwa salama. Sikukiweka. Nilibaki mezani, nikafungua mdomo, nikasema ikataliwe.

Wewe usije ukasikia kwa karani wa ushirika kwamba kahawa yako imekataliwa, ukadhani ni watu wasiokujua. Ni mimi.

Nimejiuliza kwa nini. Jibu la kwanza ni lile ninaloweza kulisema popote: ingepita, ingemwagwa pamoja na kahawa ya majirani, na fungu zima la kijiji lingenuka mgongo wa baba. Mnunuzi angelirudisha, na jasho la watu wote lingepotea kwa ajili yetu. Jibu hilo ni la kweli. Lakini kuna jingine chini yake. Kwa dakika ile, nikiwa nimechoka namna ile, nilitamani mibuni ikatwe. Nilikuona umeinama kwenye mistari, goti limevimba, unachuma punje moja moja ili watu kama sisi tuje tuziteme kwenye ndoo, na nikatamani yaishe, upumzike, na mimi niache kuwaza kila mvua inayonyesha. Sijui ni jibu lipi lililosema ikataliwe. Nimelipima mara nyingi kuliko kahawa yoyote na bado sijui.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikaenda ofisini kwa Bwana Kijiko nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema alikuwa ananisubiri. Aliniona siku ile sikuinama kwenye ndoo. Ni kweli, Mama. Funda lile sikulitema. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumeza kahawa mezani, lakini lile nilishindwa kulitema. Niliona kama ningemtema baba mbele ya watu.

Akamwita Mama Pacha, wakaionja upya wao wawili, wakaiacha mpaka ikapoa. Ilipopoa, dawa ikasimama peke yake, na Bwana Kijiko akakubali kwamba Mama Pacha alikuwa sahihi. Kwa hiyo imekataliwa mara ya pili, safari hii kihalali. Mimi ameniondoa mezani, nimepelekwa ghalani kuhesabu magunia mpaka msimu uishe. Baada ya hapo ataona. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu kwamba pua ikishaanza kulia haifai mezani.

Mama Pacha alinifuata ghalani jioni ile. Nilidhani amekuja kunisema. Alikuja kuniambia kwamba chini ya ile dawa kuna kahawa safi kuliko nyingi alizoonja mwaka huu, na kama namfahamu mwenyewe, nimwambie mti hauna kosa, kosa ni la chumba. Alijifanya hajui ninamfahamu.

Basi nimempigia kaka kabla ya kukuandikia, maana sikutaka afike na msumeno kabla ya barua. Nilimweleza kila kitu, hata lile la kutamani mibuni ikatwe. Kisha akaniambia kwamba mwezi uliopita aliingia chumba cha baba kuchukua ngazi, akajikuta amekaa kitandani juu ya magunia ya kahawa yako mpaka giza likaingia, na ngazi akaisahau. Alisema harufu ile aliidhani iko kichwani mwake tu. Sijamsikia kaka akizungumza hivyo tangu tukiwa watoto.

Amekubali kusubiri. Anasema kuna mchumo wa mwisho, bado uko kwenye vitanda vya kuanikia na haujaingia ndani. Ushirika utapokea mara moja tena kabla ya kufunga. Ghala atalipiga bati jipya yeye mwenyewe wiki hii, na mchumo huo utalala humo peke yake. Ukija mezani, mimi sitakuwapo, na ni vizuri hivyo. Ukipita, mibuni inabaki, na yeye atapogoa bila kuuliza. Usipopita, Mama, basi tumuache akate, na mimi nitakuja tukae wote siku hiyo. Nimechoka kutaka jambo moja tu liwe.

Nina ombi moja, nalo ni gumu kuliko yote niliyoandika. Fungua dirisha la chumba cha baba. Toa godoro juani, fua pazia. Najua kwa nini hukufanya hivyo. Mimi nimejua mezani, mbele ya watu wawili, kijiko mkononi. Lakini harufu ile imeanza kula vitu vingine, na baba alibeba miche ile kifua wazi ili iote. Kaka amesema atakuja akusaidie. Msimwachie shangazi, ataosha mpaka kuta.

Nisalimie shangazi, umwambie nimepata salamu zake na maneno yake makali pia. Msalimie kaka na mkewe. Majirani wote wanaoniulizia waambie nipo, nahesabu magunia. Goti lipake mafuta usiku, na ukishuka ngazi shika ukuta. Mungu akulinde mpaka nitakapofika nikuone kwa macho.

Na ile chupa ya kahawia, kama imebaki na chochote, usiitupe. Niwekee. Ila iwe mbali na kahawa.

Mwanao akupendaye,

Pua